Mbwa wetu anaanguka kifafa: daktari wa mifugo anawajibu wasomaji

SWALI: Daktari, habari za kazi. Ninakuandikia kutoka Njiro, Arusha. Tuna mbwa dume aitwaye Tomi, mwenye umri wa miaka mitatu, mchanganyiko wa German Shepherd na mbwa wetu wa kienyeji, ambaye hulinda nyumba pamoja na askari wetu wa usiku. Mwezi uliopita, yapata saa kumi alfajiri, askari alitugongea dirisha. Tulimkuta Tomi amelala ubavu kando ya banda lake, shingo imekakamaa, meno ameyakaza, miguu inapiga hewani kana kwamba anakimbia, povu linamtoka na mkojo umetapakaa chini yake. Askari alimmwagia ndoo ya maji usoni, na mume wangu akajaribu kumpenyezea kijiti katikati ya meno. Alipotulia aliinuka, akazunguka uani akijigonga ukutani kana kwamba haoni, hakututambua, kisha akala kila alichopewa. Kulipopambazuka alikuwa mzima kabisa. Wiki tatu baadaye hali ikajirudia vilevile. Jirani yetu anasema hicho ni kichaa na kwamba tumuue kabla hajawang'ata watoto. Chanjo ya kichaa alichanjwa mwaka jana na cheti tunacho. Je, huu ni ugonjwa gani, tufanye nini akianguka tena, na je, unatibika?
Mama wa watoto watatu, Njiro

JIBU: Mama, poleni sana nyumbani, hasa watoto ikiwa walishuhudia hayo. Umeieleza hali ya Tomi vizuri kuliko wengi wanaowaleta mbwa wao kliniki, na maelezo yako yananiwezesha kusema, hata kabla sijamgusa, kwamba anachougua kinaelekea sana kuwa kifafa.

Nianze na neno la jirani, kwa kuwa ndilo linaloweza kumgharimu Tomi uhai wake, na kwa kuwa jirani hana kosa kuogopa. Kichaa cha mbwa bado kipo nchini mwetu na bado kinaua watu. Mbwa mwenye kichaa naye huweza kupata degedege, lakini ugonjwa huo ukishajitokeza haumpi nafuu: hali yake huharibika siku hadi siku, sauti hubadilika, taya hulegea, kumeza humshinda, huwa mkali au hunyong'onyea kuliko kawaida yake, na kwa kawaida hufa ndani ya siku kumi tangu dalili zilipoanza. Mbwa aliyeanguka, akaamka, akala na kulinda nyumba kwa wiki tatu ndipo akaanguka tena, hawezi kuwa anaanguka kwa sababu ya kichaa. Mwonyeshe jirani cheti cha chanjo na umweleze hivyo kwa upole.

Ninyi wengine mnaosoma jibu hili, ambao mbwa wenu hawajachanjwa au hamjui walichanjwa lini, msilichukue kama ruhusa ya kumshika mbwa yeyote anayeanguka. Mbwa wa aina hiyo akianguka kwa mara ya kwanza, mfungieni mahali asipofikiwa na mtu wala mnyama, mkamwite daktari wa mifugo au ofisa mifugo wa kata, na mtu yeyote aliyeng'atwa au ambaye mate ya mbwa huyo yamegusa kidonda chake aoshe mahali hapo kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali siku hiyohiyo kuchomwa chanjo. Asingojee kuona kama mbwa atakufa, kwa sababu dalili za kichaa zikishaanza kwa binadamu hakuna tiba ya kumwokoa.

Sasa turudi kwa Tomi. Kuanguka si ugonjwa mmoja, ni dalili kwamba umeme wa ubongo umevurugika kwa muda, na mvurugiko huo una vyanzo vingi. Umri hutusaidia kuvitenganisha. Mtoto wa mbwa wa miezi miwili au mitatu akianguka, kwanza nafikiria upungufu wa sukari katika damu, sumu, au distempa, yaani ule ugonjwa wa virusi unaoanza kwa makamasi na matongo na kuishia kwenye ubongo, ambao mwaka 1994 uliua takriban theluthi moja ya simba wa Serengeti. Mbwa mzee akianza kuanguka akiwa na miaka tisa au kumi, nahofia uvimbe wa ubongo au ugonjwa wa ini. Mbwa anayeanza kuanguka akiwa kati ya miezi sita na miaka sita, kisha akawa mzima kabisa baina ya mara moja na nyingine, mara nyingi ana kifafa cha kurithi ambacho hakuna kidonda kinachoonekana kukisababisha, na German Shepherd ni miongoni mwa mbwa ambao tatizo hili limo katika damu yao.

Hata hivyo ninaomba umuulize askari wako, bila kumtisha, juu ya jambo moja: siku zile mbili kulikuwa na dawa gani uani? Katika ukanda wetu huu wa bustani za mboga, mashamba ya maua na mifugo, si jambo geni mbwa kuogeshwa kwa dawa ya kupe ya ng'ombe iliyochanganywa kwa kukisia, kudungwa ivermektini ya ng'ombe, yaani dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, kwa ajili ya ukurutu, au kulamba kopo la kiuatilifu lililotupwa. Mbwa aliyekula sumu ya namna hiyo kwa kawaida hutokwa na mate kwa wingi, hutapika na kuharisha, na misuli yake hutetemeka mfululizo hata akiwa na fahamu, tofauti na Tomi aliyepoteza fahamu kwa muda mfupi kisha akarejea mzima. Kupe nao huleta magonjwa ya damu yanayoweza kufika kwenye ubongo, ndiyo maana vipimo vya mwanzo vinapaswa kuangalia sukari, madini ya kalisi, ini, figo na vijidudu vya damu. Picha ya ubongo si ya lazima kwa mbwa wa umri wa Tomi aliye mzima wakati wote mwingine, na usikubali kucheleweshewa matibabu kwa kuingojea.

Akianguka tena, jambo la kwanza ni kutazama saa. Ninasisitiza hili kwa sababu mtu anayemtazama mbwa wake akihangaika huona dakika moja ni ndefu kama kumi, na bila saa utaniambia alianguka kwa robo saa ilhali zilikuwa dakika mbili. Kwa kawaida mshtuko, yaani huko kuanguka na kukakamaa, huisha wenyewe kati ya dakika moja na tatu, na hakuna unachoweza kufanya kwa mikono yako kuufupisha. Kwa hiyo usimtie kitu chochote kinywani, si kijiti, si kijiko, wala kidole. Mbwa hamezi ulimi wake, ila taya lililokaza linaweza kukata kidole cha mtu anayependwa na mbwa huyohuyo, pasipo mbwa kujua alilotenda. Maji nayo yasimwagwe usoni, kwa maana mbwa asiye na fahamu huyavuta hadi mapafuni. Kitunguu saumu puani, moshi wa pilipili na dawa za kunywesha kwa nguvu vina hatari ileile.

Kazi yenu ni kuyaweka salama mazingira yake. Mvuteni kwa miguu ya nyuma au kwa gunia mmtoe karibu na ngazi, karo au mfereji wa maji, wekeni kanga iliyokunjwa chini ya kichwa, zimeni taa kali na redio, waondoeni watoto, na muwafungie mbwa wengine, kwa sababu mbwa mwingine akimwona mwenzake anatupatupa miguu anaweza kumshambulia. Mtu mmoja amrekodi kwa simu, kwani video ya dakika moja humwambia daktari mambo ambayo maneno hayawezi kuyaeleza. Zaidi ya yote, kama huwa mnamfunga Tomi, asilale tena kwenye mnyororo. Kifafa humpanda mbwa mara nyingi akiwa amelala au amepumzika, usiku au alfajiri, na mbwa aliyefungwa shingoni huweza kujinyonga akitupatupa mwili wakati askari yuko upande wa pili wa nyumba. Kama ni lazima azuiliwe, azuiliwe kwa uzio au ndani ya banda pana lisilo na kona kali.

Baada ya kuamka, yale ya kuzunguka, kujigonga, kutotambua watu na kula kwa pupa ni sehemu ya ugonjwa wenyewe, na yanaweza kuendelea kwa dakika chache au kwa saa kadhaa. Katika muda huo asikumbatiwe, hasa na watoto, maana mbwa aliyechanganyikiwa huweza kung'ata kwa hofu. Aitwe jina lake kwa sauti ya chini, aachwe atembee mahali palipofungwa, na apewe maji kidogo akishaweza kusimama imara.

Mshtuko ukipita dakika tano bila kukoma, au akianguka tena kabla hajapata fahamu, hiyo ni dharura ya kuwahishwa kwa daktari saa hiyohiyo, hata kama ni usiku wa manane, kwa sababu misuli inayotetemeka muda mrefu huchemsha mwili na ubongo huanza kuharibika. Mkiwa njiani mloweshe tumbo na nyayo kwa maji ya kawaida, yasiyo na barafu, na kichwa kibaki kikavu na kimeinuliwa kidogo. Akianguka mara mbili au zaidi ndani ya saa 24, hata kama kila mara aliamka vizuri, aonwe siku hiyohiyo. Mwombe daktari wako akupe na akufundishe kutumia diazepamu, dawa ya kukatiza degedege, ya kupitisha njia ya haja kubwa kwa bomba lisilo na sindano, akiwa amekuandikia kiasi kulingana na uzito wa Tomi. Kwa familia inayoishi mbali na kliniki, hicho ni kitu cha kuwa nacho ndani ya nyumba.

Kuhusu kutibika, niseme ukweli wote. Kifafa cha namna hii hakiponi, kinadhibitiwa. Mbwa aliyeanguka mara mbili ndani ya miezi sita anastahili kuanzishiwa dawa, na Tomi amekwisha kufika hapo. Dawa tunayoanza nayo kwa wingi ni fenobabitali, ileile wanayopewa binadamu, ambayo kwa mbwa huanza na takriban miligramu 2.5 hadi 3 kwa kila kilo ya uzito, kila baada ya saa 12. Mbwa wa kilo 30 atahitaji miligramu 75 hadi 90 asubuhi na kiasi hichohicho jioni. Nimezitaja namba hizi ili uelewe utakachoandikiwa, wala si ili ukanunue dawa kwa kukisia. Ni dawa inayodhibitiwa kisheria, na mbwa lazima apimwe kwenye mizani, si kwa macho. Wiki mbili za mwanzo atasinzia na miguu ya nyuma itayumba, atakunywa maji mengi, atakojoa sana na atakuwa na njaa isiyo ya kawaida. Kusinzia na kuyumba hupungua, njaa na kiu mara nyingi hubaki. Damu ipimwe baada ya wiki mbili au zaidi kuona kiwango cha dawa, na ini lichunguzwe kila baada ya miezi sita.

Nunua daftari la shule, ulitundike jikoni kwa kamba pamoja na kalamu. Kila dozi anayetoa aandike saa na kutia jina lake, awe wewe, mume wako, dada wa kazi au askari. Kila Tomi anapoanguka iandikwe tarehe, saa, dakika, na lolote lililotangulia: mvua ya radi, fataki, wageni, chakula kipya, dozi iliyosahauliwa. Mimi hulithamini daftari hilo kuliko kipimo chochote cha maabara isipokuwa damu. Lengo letu la kwanza ni kuzipunguza mara za kuanguka angalau kwa nusu, na mbwa wengi hufika hapo au kupita. Wale wasiotulia kwa dawa moja, wanaokadiriwa kuwa takriban theluthi moja, huongezewa nyingine, na wenye matatizo magumu zaidi tunaweza kuwapeleka hospitali ya wanyama ya Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro.

Dawa ikishamkaa vizuri Tomi ataendelea kulinda. Ila asizalishwe, na kama mama yake au ndugu zake wapo kwa watu mnaofahamiana nao, waambieni wenyewe habari hii kabla hawajauza watoto wengine.

SWALI: Daktari, mimi ni mstaafu ninayeishi Moshi mjini. Mbwa wangu alianzishiwa fenobabitali, akakaa zaidi ya mwaka bila kuanguka. Desemba tulipanda Marangu kwa Krismasi kama ada yetu, nikamwachia kijana wa nyumbani vidonge. Viliisha siku mbili kabla hatujarudi, na siku iliyofuata mbwa akaanguka mara tatu. Sasa mwanangu ananishauri tuache kabisa dawa hizi, kwanza hazikuzuia, na pili zimemnenepesha mno mbwa. Unanishauri nini?
Mzee wa Moshi

JIBU: Shikamoo mzee wangu, na pole kwa Krismasi iliyoishia katika mashaka. Kwa heshima zote kwa mwanao, dawa haikushindwa kuzuia. Iliyoshindwa ni zile siku ambazo haikuwapo. Ubongo uliokwisha kuzoea fenobabitali ukiikosa ghafla hurudi kwenye kifafa kwa ukali kuliko ule wa mwanzo, na kwa sababu hiyo kuiacha ghafla kunaweza kumuua mbwa ambaye kifafa chenyewe kisingemuua. Tafadhali mrudishie dawa leo, umpeleke pia kwa daktari wake athibitishe dozi, kwa sababu kama amenenepa, uzito ulioandikiwa mwaka juzi si uzito wake wa sasa.

Kuipunguza dawa ni jambo linalowezekana, lakini huanza kufikiriwa baada ya mbwa kukaa mwaka mmoja hadi miwili bila kuanguka hata mara moja, na hufanywa na daktari kwa kushusha si zaidi ya asilimia 20 kila mwezi. Mbwa wako sasa ameanza kuhesabiwa upya.

Unene unatokana na njaa inayoletwa na dawa, na tiba yake iko kwenye sufuria. Punguza ugali, ongeza mboga za kuchemsha kama kabichi na maboga ili tumbo lijae, nyama au dagaa ziwe za kupimwa, na watu wa nyumbani wakubaliane kutomrushia makombo kila anapoinua macho. Hapo kuna jambo moja linalosahaulika mno: ikiwa siku moja daktari atamwongezea potasiamu bromidi, ambayo ni dawa nyingine ya kifafa, kiasi cha chumvi katika chakula kisipandepande wala kushukashuka. Chumvi ikizidi, figo huitoa bromidi haraka na kinga yake hupungua. Mbwa aliyezoea dagaa wa kuchemsha bila chumvi, akipewa wiki nzima ng'onda au mabaki ya nyama ya sikukuu, anaweza kuanguka pasipo kukosa hata kidonge kimoja.

Kwa safari zijazo, wekeni akiba ya vidonge vya wiki mbili zaidi ya siku mtakazokuwa mlimani, kwa kuwa wakati wa sikukuu maduka huweza kufungwa. Kijana akionyeshwa namna ya kukificha kidonge ndani ya tonge dogo la ugali lenye mchuzi, atoe tonge tupu kwanza, kisha lenye kidonge, kisha tupu jingine, na amtazame mbwa mpaka amemeza, maana wako mbwa wanaokihifadhi kidonge shavuni na kukitema nyuma ya banda. Dozi moja ikisahauliwa itolewe mara inapokumbukwa, na ratiba iendelee; zisitolewe mbili kwa pamoja. Ukimwona na macho ya manjano, tumbo lililojaa maji au akikataa chakula yeye aliyekuwa na njaa daima, usingoje miadi, kwa sababu huenda ini limeelemewa.

SWALI: Shikamoo daktari. Ninaishi na mama na wadogo zangu Ngaramtoni. Mbwa wetu jike anaanguka karibu kila wiki. Mama anasema povu lake litawaambukiza watoto kifafa, na anataka apigwe sindano ya kufa. Mimi ninampenda na sitaki. Hajachanjwa miaka miwili sasa.
Kijana wa Ngaramtoni

JIBU: Marahaba, mwanangu. Kifafa hakiambukizi, si kwa povu, si kwa mkojo, si kwa kulala karibu na mgonjwa, awe mbwa au mtu. Mwambie mama hivyo, na umwambie kwamba nimesema mimi. Lakini mama ana haki upande mmoja: mbwa asiyechanjwa hapaswi kuwa karibu na watoto, na kama ameanza kuanguka siku za karibuni, muwekeni peke yake na mumwite daktari nyumbani kabla ya lolote. Akishathibitisha kwamba si kichaa, achanjwe, kisha mzungumzie matibabu na gharama zake waziwazi, kwa kuwa dawa hizi hutolewa kila siku kwa miaka, na ni heri familia ijue mapema kama italimudu jukumu hilo kuliko kuanza na kuacha. Mweleze daktari pia kama ana watoto anaowanyonyesha, kwani jike anayenyonyesha huweza kukakamaa na kutetemeka kwa kuishiwa kalisi, na huyo hutibiwa kwa sindano ya kalisi, si kwa dawa za kifafa. Kama anaanguka zaidi anapokuwa kwenye joto, yaani siku za kutafuta dume, kumtoa kizazi pamoja na ovari kunaweza kumpunguzia.

Sindano ya mwisho ina mahali pake. Mbwa anayeanguka kila siku licha ya dawa mbili zilizopimwa kwenye damu, asiyewatambua watu wake tena baina ya kuanguka, au anayekaa kwenye mshtuko usiokatika, anateseka, na kumpumzisha ni kumtendea wema. Mbwa wenu bado hajapewa hata kidonge kimoja. Mwombe mama akupe miezi mitatu ya dawa, mwandike kwenye daftari kila anapoanguka, kisha muamue pamoja na daktari mkiwa na kurasa hizo mbele yenu. Na mkifikia kuamua hivyo, kazi hiyo ifanywe na daktari kwa dawa ya kumlaza kwanza; asipigwe rungu wala kupewa sumu na mtu yeyote.